Kikopo cha Baba

Katika zahanati ninayofanyia kazi uuguzi, upande wa Gachoka, vikopo vilikuwa vinatoka lakini havirudi. Kila mtu wa makamo aliyekuja nilimpa kikopo, nikamweleza aweke choo kidogo tu, tupime kama kina damu isiyoonekana kwa macho, maana saratani ya utumbo mpana huanza kimya. Walinisikiliza kwa heshima, wakaenda na vikopo, wakayeyuka kwenye jua kali la barabarani.

Siku moja mama mmoja muuza muguka, yale majani ya kutafuna, aliniwekea chake mezani, kitupu.

"Daktari, baba yako yuko hai?"

"Yuko."

"Yeye umempima?"

Nikakitia kile kikopo mkobani mwangu.

Jumamosi nikapanda nyumbani, Meru. Mvua ilikuwa imenyesha na kahawa ilikuwa imechanua, shamba zima jeupe, ukungu ukipita katikati ya miti hata sikujua maua yanaishia wapi. Baba alikuwa akiondoa machipukizi yasiyotakiwa kwenye mibuni. Nilimfuata mstari hadi mstari nikivuta ile harufu tamu. Binti anamtamkiaje baba yake neno choo?

"Mama," akaniita, kwani nimerithi jina la mama yake, "una jambo. Sema."

Nikasema, nikiyaangalia maua. Aling'oa chipukizi lingine, nyuki wakivuma. Halafu akacheka polepole.

"Mimi nilikubadilisha nepi mama yako akiwa mgonjwa. Leo unaogopa choo changu?"

Kipimo kilionyesha damu. Nikampeleka hospitali Embu, wakamchoma sindano ya usingizi na kupitisha kamera kwenye utumbo mpana. Nilingoja kwenye benchi, sauti za watu zikinijia kwa mbali kama zinatoka ng'ambo ya mto. Daktari alipotoka alisema wamekuta uvimbe mdogo, wameutoa palepale. Majibu ya maabara yalipokuja baadaye, haukuwa umegeuka saratani. Ungeachwa, huenda ungegeuka.

Baba alizinduka macho yakiwa bado mazito.

"Nilikuwa shambani na mama yako," akasema. Mama alitutoka zamani. "Anachuma kahawa. Ameniuliza mbona nimekuja mapema."

Nikamshika mkono. Akageuza macho dirishani.

"Wale watu wako wa Gachoka," akasema, "waambie. Waambie ni baba yako, usinifiche."

Nikawaambia, wakiwa wameketi foleni asubuhi: shamba, aibu yangu, kicheko chake, kamera. Yule mama wa muguka ndiye aliyeinuka kwanza.

"Basi nipe kingine," akasema. "Na cha mzee wangu."

Wiki iliyofuata nilikuta watu wamenitangulia mlangoni kabla sijafungua. Walisimama kwenye mwanga mwembamba wa alfajiri, kila mmoja na kikopo chake kiganjani, ameangalia upande wake kama hawajuani, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia.