Nusu Saa ya Adabu

Walimwita Mstaarabu, kwa sababu ya mtambo wake. Mtambo ule wa mawasiliano uliishi kwenye masafa ya wenyewe. Kituo cha televisheni ndicho kilichokuwa na leseni. Yeye aliruhusiwa kuyatumia kituo kikiwa kimya tu, kama mpangaji anayesubiri mwenye nyumba atoke ndipo aoge. Mtambo ulisikiliza kwanza, kisha ukasema. Mwenyewe akiingia hewani, ukanyamaza papo hapo.

Kanuni ilidai ukimya wa dakika moja baada ya mwenyewe kuzima. Mstaarabu akaweka nusu saa. "Mwenye nguvu mpishe," alimwambia mkaguzi, na mkaguzi akamsifu mbele za watu.

Kwa njia hiyo zahanati ya ng'ambo ya kilima, ambako simu hazishiki, ilizungumza na daktari wa mjini. Asubuhi ile aliyelala kule alikuwa binti wa Mstaarabu, kifungua mimba wake. Mtoto alishazaliwa, damu ndiyo iliyokataa kukatika.

"Nesi, sasa ingiza mkono wa kulia, halafu—" alisema daktari, amesimama kando ya Mstaarabu mbele ya skrini, mjini. Picha ikaganda, uso wa binti ukiwa umegeukia kamera.

"Mwenyewe kaingia," Mstaarabu alinong'ona, akapiga simu kituoni kusema bintiye amejifungua na njia imekatika.

"Tunapasha mtambo moto tu, hakuna kipindi," fundi wa kituo alicheka. "Haya, nimezima. Mjukuu mpe jina langu!"

Skrini haikutikisika.

"Si amezima?" daktari aliuliza.

"Mtambo unasubiri nusu saa."

"Upunguze basi!"

"Muda umewekwa kwenye mtambo wa kilimani, daktari. Njia ya kuufikia ni hii hii iliyokatika. Kwa pikipiki ni saa nzima."

Mkewe alikuwa ameegemea mlango. "Nyumbani hujawahi kumpisha mtu hata kiti," alisema taratibu. "Huo ustaarabu uliuokota wapi, baba?"

Hakuna aliyeketi. Dakika ya thelathini ilipotimia, taa ya kijani iliwaka na picha ikarudi, safi kabisa. Mtoto alikuwa akilia mahali pasipoonekana. Nesi alikaa kando ya kitanda, glavu zimelowa magotini, na shuka limevutwa hadi juu ya uso wa binti.

"Mlikuwa wapi?" aliuliza.

Simu ikalia mkononi mwa Mstaarabu; alikuwa fundi wa kituo. "Vipi, tumewapisha vya kutosha? Tuwashe?"



"Washeni tu, mkubwa," Mstaarabu akasema, na nesi akaganda mdomo ukiwa wazi.