Leza na Mchana wa Garsen

Msimamizi wangu wa utafiti alinipigia simu nikiwa Garsen, nyumbani kwa shangazi, na hata salamu hakunipa. "Hizo data za mchana, zifute."

Nilijua anasema zipi; nilikuwa nimemtumia usiku uliopita. Tulikuwa tumetengeneza leza ya uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, uliozungushwa ndani ya kisanduku. Mwanga huzunguka humo, na ukipangika hutoka kwa mapigo mafupi ajabu. Kufumba na kufumbua kwako ni umri mzima kwake. Sisi husema mapigo yameshikana. Yakiachana, mwanga bado upo ila kipimo hakina maana. Rasimu ya makala yetu ilidai kifaa hiki kitapima damu katika zahanati za vijijini, lakini hakuna aliyewahi kukifikisha kijijini. Nikakibeba mimi.

Kwa siku nne nilikiwasha chini ya mabati ya shangazi, kwa betri ya sola. Asubuhi kilitulia mpaka nikajisifu. Ikifika saa saba, joto la mabati limetushukia, mapigo yanaachana. Niligeuza vibao vinavyoukunja uzi, nikaugonga kwa ukucha kama tunavyofanya maabara. Wapi! Saa kumi yanarudi yenyewe. Siku zote nne, vilevile. Nililia kwa hasira, maana ilikuwa kazi yangu ya miaka mitatu.

Shangazi alikuwa mlangoni akipepeta mchele.

"Sasa hiyo taa yako ikishindwa na jua," akaniuliza, "mgonjwa wa kijiji cha Idsowe atangoja lipoe?"

Swali lake lilikuwa bado linaniwasha msimamizi alipopiga.

"Siwezi kufuta mchana, Profesa," nikamwambia.

"Hizo ni kasoro za kipimo tu. Maabara yetu ina nyuzi joto ishirini na mbili, kila kitu kiko sawa. Nani atapeleka leza Garsen?"

"Mimi nimeileta."

"Bila sahihi yangu makala haiendi popote. Shahada yako pia. Fikiria."

Nilifikiria. Nikichora mchana uliotulia, siku moja mtu atakiweka kifaa hiki zahanati ya kijiji cha Hewani, nacho saa saba kitasema uongo kuhusu damu ya mtu ninayemjua kwa sura. Mficha uchi hazai. Ati kasoro! Joto hilo ndilo tulilozaliwa nalo, tukalima nalo, tukasoma nalo. Kama leza haiwezi kulistahimili, lawama ni ya leza, na mimi niliyeitengeneza ndiye wa kusema.

Alasiri ile nilimtumia mchoro na mapengo yake manne, kila moja na saa yake na nyuzi zake za joto. Pale alipokuwa ameandika "mazingira ya vijijini", nilikata, nikaandika Garsen.

Hajatia sahihi mpaka leo. Mimi nimeshatia yangu.