Anavyosoma NA

Mchambuzi wetu wa data haanzi kazi bila kukunja mikono ya shati, utadhani anakwenda kukanda unga. Kabla ya kuzitwisha zigo zima kompyuta za chumba cha baridi, zile zinazogawana kazi kama siafu, huchota rekodi za wagonjwa wachache tu wa jaribio letu la dawa, akajaribu, akaguna. "Naonja chumvi kwanza," husema. Kisha kidole chake cha shahada hupita juu ya kioo, mstari kwa mstari, huku akisoma kwa sauti. Jibu la mgonjwa likikosekana, programu yake ya takwimu huandika NA, kifupi cha Kiingereza cha "haipatikani", naye huisoma kama neno la Kiswahili: "Huyu alipewa dawa, akaenda zake nyumbani, na..." Sisi hucheka.

Juzi mkurugenzi alisimama nyuma ya kiti chake, funguo za gari zikilia mkononi. "Dada, futa hizo NA, bwana. Waliobaki karibu wote wamepona, na ripoti inasubiriwa."

Hakugeuka. Alishusha miwani tu. "Bosi, tangu lini sentensi ikaishia kwenye 'na'? Hawa hawakurudi kliniki. Niwafute, au niwatafute?"

Funguo zikaingia mfukoni. Mkurugenzi akavuta kiti.