Kanda ya Mvua na Kanda ya Tarumbeta

Dobi alikuwa na kanda mbili ambazo hakumwazima mtu hata kwa kupigiwa magoti. Bendi ni ile ile, wimbo ule ule, ukumbi ule ule, ila siku tofauti. Alizirekodi mwenyewe ujanani, redio kaseti mapajani, akiwakodolea macho waliokohoa.

Siku ya kwanza mvua ilishuka katikati ya wimbo. Watu wakakwama, bendi nayo ikaona haya kunyamaza. Ikauvuta wimbo, ikauvuta tena, gitaa likijibizana na bati mpaka mbingu ikachoka. Siku ya pili mpiga tarumbeta alichelewa. Akaingilia mlango wa watazamaji huku anapuliza, na ukumbi mzima ukageuka kumtazama.

Shemeji yake, mshona viatu aliyekwisha kustaafu, kaka wa marehemu mkewe, alikuwa mtu wa mvua. Dobi alikuwa mtu wa tarumbeta. Kila Jumapili alasiri walikaa chumba cha nyuma ya duka, chini ya mashati ya watu, wakazicheza zote mbili na kubishana. Atakayeshindwa achemshe chai. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kukubali kushindwa, walichemsha kwa zamu. Siku nyingine zote dobi hakuwa na mazungumzo ila ya kola na madoa.

Siku za karibuni shemeji alikuwa amebadilika kidogo. Akiulizwa hili, anajibu lile. Hataki tena porojo za mwanzoni. Akifika tu, anaionyesha redio kwa kidole. Dobi alisema ni uzee, nao hauna dawa.

Jumapili hiyo zamu ya kuanza ilikuwa ya mvua. Dobi alibonyeza, akakaa. Gitaa likaanza, likafika katikati ya wimbo, safi, kavu, bila tone. Akajua amekosea: alizifuta vumbi asubuhi, akazirudisha kila moja kwenye kasha la mwenzake. Aliinuka aizime, huku akijiandaa kwa matusi ya wiki nzima.

Shemeji alikuwa amefumba macho, mguu unapiga chini.

“Sikia bati hilo,” akasema. “Sikia linavyopigwa.”

Dobi alidhani anataniwa. Akasubiri kicheko, hakikuja. Tarumbeta likaingia kwa kishindo chake chote. Shemeji hakutikisa hata ukope, bado anasifia mvua. Dobi akasogea nyuma yake, akamwita polepole. Akamwita tena kwa sauti ya kuita mtu ng’ambo ya barabara. Mguu ukaendelea kupiga, ukifuata wimbo uliokuwa kichwani mwake tu.

Dobi akarudi kitini. Hakujua amekuwa akisikiliza peke yake tangu lini.

Kanda ilipokwisha kuzunguka, shemeji akafumbua macho, akayakaza kwenye midomo ya dobi. “Haya, sema.”

Angemwambia, yule mzee angeona aibu, na Jumapili ijayo asingekuja. Angekubali kwamba mvua imeshinda, ingekuwa mbaya zaidi, maana hajawahi kukubali.

“Mvua si mwanamuziki, shemeji,” akasema, akitamka taratibu. “Hata mshahara hailipwi.”

“Ndiyo maana haichelewi kazini, kama huyo wako.”

Wakacheka. Dobi akabadilisha kanda, akasema sasa ni zamu ya tarumbeta.

Mvua ikajaa chumbani. Ikagonga bati, gitaa likaifuata, likaiacha, likairudia. Kwa miaka yote dobi alikuwa akiisikiliza huku anatafuta kasoro za kumjibia shemeji. Leo hapakuwa na wa kumjibu, akaisikia. Ilikuwa nzuri kuliko ile nyingine. Ilikuwa nzuri mno, na mtu pekee ambaye angefurahi kuambiwa hivyo alikuwa ameketi hatua moja kutoka kwake, akiangalia gurudumu la kanda linavyozunguka.

Ilipofika pale ambapo tarumbeta lingeingia, dobi aliinua mkono, akaonyesha mlango, kama alivyofanya kila Jumapili. Redioni mvua ilizidi. Shemeji akageuka kuutazama mlango, akatabasamu.

“Amechelewa tena, mjinga huyu.”

“Amechelewa,” dobi akasema.

Akainuka, akaenda kuchemsha chai. Haikuwa zamu yake.