Njia Ambayo Sikumtajia Shangazi

Siku hiyo tulikuwa wanne garini: mimi, mdogo wangu Nabwire, kitinda mimba wetu Wandera aliyekuwa akiendesha, na Shangazi Taaka, aliyelala nyuma ndani ya sanduku. Waulize hao wawili walio hai kama ninaongeza neno.

Shangazi ndiye aliyetupokea wazazi wetu walipokufa. Mimi niliacha shule darasa la sita nikamsaidia kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, wadogo wakasoma. Alifia kwangu Busia, upande wa Kenya, na kaburi lilichimbwa kwa marehemu mumewe, kijiji cha Mwello, ng'ambo Uganda. Kabla hatujaondoka mjomba aliniambia: wewe mkubwa, kila mto na kila njia panda umtajie, ajue anakopitishwa. Asipoambiwa hubaki njiani.

Wandera alinishauri tupakue ramani kwenye simu tungali mjini. "Dada, laini yetu ikivuka haifiki mbali." Nilikataa. Nilitaka ile ya mtandaoni, inayoonyesha foleni za malori, na bando langu sikutaka liishie kwenye kupakua. Nabwire akasema dada ni bahili hata wa hewa.

Tukavuka. Mtandao ulitushikilia kwenye lami, simu ikisema kata kulia, endelea mbele, macho yangu yakiwa kwenye kioo chake. Niamini, sikumtajia Shangazi mto hata mmoja. Kwani simu si ilikuwa inasema?

Tulipoingia barabara ya udongo, mtandao ukakatika. Kwenye njia panda ya tatu Wandera akasimamisha gari. Ilikuwa saa saba mchana, jua la kuchoma. Nikafungua mlango wangu kwa joto, macho bado kwenye simu, na mama mmoja akaja kando yangu. Niliona miguu yake tu, mitupu, bila chembe ya vumbi. Akauliza taratibu, "Mwanangu, hapa ni wapi?"

Nikamjibu bila kuinua uso, "Sijui, mama. Simu haina mtandao."

"Hata wewe," akasema, akageuka kurudi tulikotoka.

Hapo ndipo nilipomtazama. Mgongo ule ningeusahau vipi? Niliufuata sokoni miaka kumi na mitano. Nikashuka nikikimbia, lakini barabara ilikuwa tupu. Nabwire alisikia sauti. Wandera anasema aliniona nikijibu hewa.

Mtu wa bodaboda alituongoza hadi bomani, tukazika jioni. Tulizika mwili tu. Tangu hapo wauza omena wenzangu huniambia kuna mama hupita alfajiri akiulizia njia ya Mwello. Nabwire halali tena kwangu. Wazee wameagiza nianze upya kutoka kitanda alichofia, leso yake mkononi, nimtajie njia yote kwa mdomo wangu, bila simu.

Nimejaribu mara mbili. Lami inapoisha, ulimi wangu unaisha.

Wewe unayesafiri, pakua ramani kabla ya mpaka, itakufaa. Lakini ukiwa umebeba mtu wako, usiiachie simu maneno yako. Mwezi huu nimejifunza njia panda mbili zaidi. Zilizobaki bado sizijui, na kila alfajiri anaendelea kuuliza watu wasiomhusu.