Firigisi za Kuku wa Wakwe

Baba yangu alikuwa mpishi wa Wazungu wa mradi wa karanga pale Nachingwea, na ujuzi ule ulimlevya. Siku wakwe zangu walipokuja kutoka Likunja kula kwetu kabla ya ndoa, alimfukuza mama jikoni.

"Leo napika mimi," akasema. "Watakula chakula cha karamu ambacho hata karani hajakionja!"

Mimi nilikuwa chumbani, nimefunikwa kanga. Yule kijana aliyenichumbia nilimpenda. Nasema wazi, kwa umri huu sina haya tena.

Kwetu mkwe hutengewa kuku mzima, wa moto, na firigisi juu yake. Firigisi ni ya mkubwa wao. Ukimnyima, umemwambia hatakiwi. Jambo hili hata mtoto wa kufutwa kamasi analijua, na baba alilijua pia, ila jiko la Mzungu lilikuwa limemsahaulisha.

Nilichungulia kwenye ufa wa ukuta. Alichemsha makaroni, akayachuja, akayamwagia maji baridi. Kuku aliwachinja mwenyewe kwa bismillahi, akawachoma vizuri, harufu ikajaa uani. Kisha, Mungu wangu, akawanyofoa nyama vipande vidogo vidogo na mifupa akatupa! Akaponda pilipili kichaa, akakamua ndimu, akachanganya vyote na rojo zito la mayai na mafuta, akaacha vipoe. Utumbo na firigisi alimrushia mbwa wa jirani, kama alivyozoea kazini.

"Baba, firigisi!" nikaita.

"Nyamaza wewe. Bibi harusi hapigi kelele."

Mkubwa wao na msemaji wao alikuwa mjomba wa bwana harusi. Alipotengewa sinia alilitazama sana, akachokonoa makaroni kwa kidole.

"Mkwe," akauliza taratibu, "kuku hawa walikuwa na firigisi?"

Baba akacheka. "Ah, uchafu ule! Wazungu hawali. Nimempa mbwa."

Mjomba akanawa mikono ambayo haikuwa imekula kitu.

"Basi mwozesheni mbwa," akasema, akainuka.

Wote wakainuka. Yule kijana aligeuka mara moja kutazama mlango wangu, kisha akamfuata mjomba wake. Nilijiuma mkono nisilie kwa sauti.

Wazee wa kwetu wakamwambia baba apeleke jogoo Likunja kuomba radhi. Wakimchinja, yamekwisha. Alikwenda kwa miguu, jogoo kwapani. Nikafagia uwanja wote, nikarudia kuufagia, masikio yangu yakiwa njiani.

Kesho yake jioni alirudi, na jogoo bado yu hai, miguu imefungwa kamba ileile.

"Mwanangu," akasema, macho chini, "nimekuharibia."

Nilikuwa na hasira ya kuchoma nyumba. "Umeniharibia, ndiyo," nikamjibu. "Sasa mchinje huyo. Mpike mzima. Na firigisi niletee mimi."

Mama akashika mdomo. Kwetu mwanamke hali firigisi, hata akiwa bibi kizee.

Baba hakubisha. Alichinja, akapika kwa chumvi tu. Akaja na firigisi juu ya sahani, ya moto, akapiga magoti mbele yangu na kunitengea kwa mikono miwili, kama anavyotengewa mkubwa wa wakwe. Nikaitafuna, yeye akiwa bado amepiga magoti, mpaka ikaisha.