Maziwa Yaliyoungua

Leo nimesahau maziwa jikoni, yakaungua, na badala ya kufungua madirisha nimesimama tu nikiivuta ile harufu.

Kwetu Usoke, baba aliugua msimu mzima wa tumbaku. Jioni homa inampanda, asubuhi shuka limelowa jasho, mchana anashika jembe tena, ila kiuno kinamkatalia. Tulimtibu malaria, homa ikarudi, tukamtibu tena. Mama akaongeza dawa yake mwenyewe. Sisi watoto tulipewa maziwa yaliyochemshwa, lakini baba alipewa mabichi, yenye povu na joto la titi.

"Kunywa, baba watoto, urudishe nguvu."

Siku moja mganga wa zahanati alimgonga baba mgongoni taratibu, kisha akamgeukia mama.

"Mna ng'ombe aliyetupa mimba?"

"Yupo. Huyo huyo tunayemkamua."

"Na maziwa mnachemsha?"

"Ya watoto, ndiyo. Ya mgonjwa namwachia mabichi."

Mganga akasema hiyo ni brusela, ugonjwa unaowatupisha ng'ombe mimba, na kwamba unampata mtu kupitia maziwa hayo hayo mabichi. Mama akajiziba mdomo kwa kanga.

Dawa ziliondoa homa, lakini uti wa mgongo ulikuwa umeshaumia, na baba hakunyooka tena. Mama naye akawa anachemsha maziwa mpaka yanaungua, haamini povu la kwanza wala la pili. Sisi tulikunja nyuso. Baba aliinama juu ya kikombe chake, akayamaliza yote, akamrudishia.

"Matamu, mama watoto," alimwambia, kila jioni.